Alama Sita za Mtaro: Kisa cha Ligi ya Watoto wa Mathare

Chukua timu mbili za watoto wa chini ya miaka 12. Ya kwanza ina mshambuliaji ambaye mtaa mzima unamjua. Imecheza mechi nne, imeshinda tatu na kufungwa moja. Ya pili imeshinda mechi moja tu. Katika ligi nyingine hesabu ni rahisi: 9 kwa 3, na aliye juu anajulikana. Katika ligi ya Mathare, Nairobi, hesabu bado haijaisha. Timu ya pili ilitoka Jumamosi mbili na reki, beleshi na wilbaro, ikazibua mitaro na kuzoa taka, na kila kazi ya usafi iliyokamilika huingiza alama 6. Mechi moja alama 3, kazi mbili za usafi alama 12, jumla 15. Timu ya pili ndiyo inayoongoza.

Timu hizo nimezitunga ili hesabu ionekane, lakini kanuni ni ya kweli. Ushindi alama 3, usafi alama 6. Ni kanuni ya Mathare Youth Sports Association, chama cha michezo cha vijana ambacho kila mtu hukiita MYSA. Nimefundisha watoto mpira, na nimefundisha mazingira darasani, na kwa muda mrefu niliyachukua hayo kuwa vipindi viwili visivyojuana kwenye ratiba. Kisa hiki ndicho kilichonitoa katika fikra hizo. Kwa hiyo nakichambua taratibu, pamoja na yale yanayouma ndani yake.

Bonde na mpira wa juala

Mathare iko kilomita chache kaskazini mashariki ya katikati ya jiji, kati ya barabara ya Thika na barabara ya Juja. Zamani bonde hilo lilichimbwa mawe ya kujengea. Vijiji vyake vina majina yanayojieleza: Mashimoni, Mabatini, Bondeni. Mto Mathare na mto Gitathuru hupita humo, na kinachotupwa juu ya mteremko huishia kwenye maji. Nyumba za mabati zimebanana kiasi kwamba mtaro ulio kati ya safu mbili huwa ndio njia ya watu, ndio mfereji wa majitaka, na saa nyingine ndio uwanja wa watoto wadogo. Miaka ya 1980 huduma ya jiji ya kuzoa taka haikuwa ikifika huko. Masika yakianza, mtaro uliojaa taka hurudisha uchafu mlangoni, na nyuma ya maji hayo huja kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Mzazi wa Mathare hahitaji semina kujua uhusiano wa mtaro na mtoto mgonjwa.

Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa akiishi Nairobi na kufanya kazi ya ushauri katika sera za mazingira na maendeleo, alisimama Mathare akawatazama watoto wakicheza mpira wa juala, yaani wa mifuko ya plastiki. Watoto hao walikuwa na hamu ya ligi, ya refa, ya mpira wa kweli. Mapatano yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa msingi wa chama hadi leo: mkifanya kitu, nasi tutafanya kitu, msipofanya, nasi hatufanyi. Na cha kufanya hakikuhitaji kutafutwa mbali, kwa sababu viwanja vyenyewe vilikuwa vimefunikwa na taka.

Mwaka huohuo, tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway, ilitoa ripoti iliyoyaeneza duniani maneno "maendeleo endelevu": kutimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Nimeisoma maana hiyo mbele ya madarasa mengi na kuona macho ya wanafunzi yakihamia dirishani. Pale bondeni ilikuwa na maana ambayo mtoto wa miaka tisa angeishika bila kufafanuliwa: ukitaka kucheza hapa Jumapili ijayo, usipaache hivi leo.

Mpira wa juala nao unastahili maneno machache, maana watu huutaja kama alama ya umaskini tu na kupita. Juala ni mfuko wa plastiki, ule ambao Watanzania waliuzoea kwa jina la rambo. Mtoto hukusanya majuala na matambara, huyakunja hadi yashikane, huyafunga kwa kamba au nyuzi za gunia, huongeza tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kidunde. Anayeuunda anajua plastiki ipi hukunjika na ipi hupasuka. Anajua tambara likiloa mpira unakuwa jiwe. Mtoto huyo ameshaanza kuiona taka kama malighafi kabla hatujamfikia sisi na mabango yetu, na mwalimu mwenye akili huanzia hapo alipo mtoto. MYSA ilianzia hapo.

Kanuni ilivyofanya kazi

Kwanza uzito wake. Mtoto husoma thamani ya kitu kwa bei yake. Kama usafi ungelipwa alama moja ungekuwa pambo, kitu cha kufanya pale nafasi ikiruhusu. Kwa alama 6, mtaro mmoja ni sawa na kushinda mara mbili. Hakuna kocha anayeweza kuupuuza, hata yule asiyejali mazingira hata kidogo, kwa sababu atakayeupuuza atapitwa kwenye jedwali na timu anayoifunga uwanjani kila wanapokutana.

Jedwali ndilo jambo la pili. Nimehudhuria mashindano mengi ya vijana ambamo siku ya fainali hutolewa tuzo ya timu iliyotunza mazingira. Kikombe kidogo, makofi machache, na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka ni nani alipewa. Tuzo ya pembeni huwaambia watoto kwamba mazingira ni jambo la pembeni. Mathare waliuweka usafi katikati ya kitu ambacho watoto walikuwa wakikihesabu kwa vidole usiku kabla ya kulala. Kila walipojadili nani ataongoza, walilazimika kutaja mtaro.

Halafu ni alama ya timu, haiwi ya mtu mmoja. Atakayelala Jumamosi asubuhi anawapunguzia wenzake, na wenzake hao ndio watakaomgongea mlango. Yeyote aliyewahi kusimamia watoto anajua tofauti ya mwalimu kumwita mtoto na wachezaji wanane kusimama nje ya mlango wake wakiwa na reki. Wito wa mwalimu unakwepeka.

Hili linalofuata ndilo lililonigusa zaidi, ingawa sioni likizungumzwa sana. Katika ligi za watoto tunapoteza watoto wanaoshindwa. Katikati ya msimu timu iliyofungwa mara tano huanza kuja na wachezaji tisa, kisha saba, kisha haiji. Kanuni ya alama 6 iliipa timu dhaifu njia ya kubaki hai. Wasioweza kupanda kwa miguu walipanda kwa mikono. Na wenye vipaji hawakuweza kujiona wamemaliza kazi kwa sababu wanapiga chenga. Mtoto asiye na kipaji cha mpira ambaye alizibua mtaro mwezi mzima alikuwa amechangia kwenye jedwali kuliko mfungaji bora, na kila mtu uwanjani alijua hivyo.

Mambo mengine ya ligi hiyo yalifuata roho ileile. Nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzungumza na refa. Mbali na kadi za njano na nyekundu kulikuwa na kadi ya kijani, ambayo refa alimpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wenzake. Chama kiliendeshwa na vijana waliochaguliwa na vijana wenzao, wengi wao bado matineja, kupitia mabaraza yao ya michezo na ya huduma kwa jamii. Kwa hiyo aliyekagua mtaro na kusema "huu bado" hakuwa mtu mzima kutoka mbali. Alikuwa kijana wa mtaa wa pili, anayejua mtaro huo unakotoka na unakokwenda.

Taka kama adhabu

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya Mathare. Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyechelewa aliokota taka. Aliyezungumza foleni aliokota taka. Aliyefeli hesabu alifyeka nyasi. Wengi wanaosoma haya watakumbuka ya kwao, iwe walisoma Kisumu, Tanga au Bujumbura. Kwa miaka minane, kila nilipoinama kushika karatasi chini, mwili wangu ulijifunza kwamba hapo ndipo anapowekwa mkosaji. Kisha mwalimu yuleyule aliingia darasani akatufundisha kwamba kutunza mazingira ni heshima.

Mtoto huamini kinachofanywa kuliko kinachosemwa. Tumewafunza vizazi kadhaa kwamba taka ni kazi ya aliyekosea, kisha tunashangaa mtu mzima mwenye gari lake anapofungua dirisha na kutupa chupa barabarani. Kuiokota kungemshusha, na atakayeiokota ni mtu mwingine, wa chini yake. Ndivyo tulivyomfundisha.

Mathare iliigeuza aibu hiyo. Kushika reki kulikuwa dalili kwamba una timu. Watoto wasio na timu walitazama. Na siku za baadaye, chama kilipounda timu ya wakubwa, Mathare United, mwaka 1994, wachezaji wake nao walitakiwa kufanya kazi za jamii. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na 2000, kisha ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008 chini ya kocha Francis Kimanzi, na wachezaji kadhaa waliopitia humo walikuwemo katika kikosi cha timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, kilichocheza Kombe la Afrika nchini Tunisia mwaka 2004. Kwa mtoto wa mitaa kama Huruma au Mlango Kubwa, picha ya mchezaji wa taifa ilikuwa na reki mkononi. Mimi sikuwahi kuwa na picha ya namna hiyo utotoni, na naamini ingenisaidia.

Wasichana walianza kucheza katika MYSA mwaka 1992. Kwa wasichana shida haikuwa mpira wenyewe, ilikuwa muda. Kuteka maji, kupika, kulea wadogo: msichana aliombewa ruhusa nyumbani, na viongozi wa chama walilazimika kwenda kuzungumza na wazazi. Lakini kwenye mtaro nadhani kulitokea jambo ambalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwetu, kufagia ni kazi aliyopewa msichana kabla hajajua kusoma. Pale palikuwa na timu za wavulana zinazofagia hadharani, mchana, kwa ushindani, na majirani wakitazama. Hakuna somo la usawa ambalo ningelipanga darasani likafika hapo.

Je, walifanya kwa ajili ya alama tu?

Kila ninapoieleza kanuni hii kwa walimu wenzangu, swali hili huja, na ni swali zuri. Mtoto akilipwa kwa kufanya wema, ukiacha kumlipa ataacha? Wataalamu wa saikolojia wamelishughulikia sana: malipo yanaweza kuua hamu iliyokuwepo tayari. Mtoto anayependa kuchora, mlipe kwa kila mchoro, na siku ukiacha kulipa huenda asiguse penseli.

Nimelifikiria hili kwa muda. Jibu langu ni kwamba hatari hiyo inahusu hamu ambayo tayari ipo. Hakuna mtoto aliyekuwa na hamu ya kuzibua mtaro wa Mathare, kwa hiyo hapakuwa na cha kuua. Alama zilimfikisha mtaroni. Akishafika, mambo mengine huanza kumfundisha: anaona maji yakianza kwenda baada ya kuondoa juala moja lililoziba, anaona mama wa jirani akitoka kumsalimu, anaona mvua ya wiki ijayo ikipita bila kuingia nyumbani kwao. Hayo hakuna anayeyaandika kwenye jedwali. Mtu mzima anayetunza mazingira leo, ukimuuliza alianzaje, mara nyingi atakutajia mahali na watu, na ni nadra akutajie hoja. Alama zilimpa mahali na watu.

Hata hivyo kuna upande ninaoukubali. Timu inayowinda alama itachagua mtaro rahisi. Itasukuma taka kutoka upande wake hadi upande wa jirani na kuita hiyo kazi imekamilika. Hili si kosa la watoto wa Mathare, ni tabia ya kila mfumo wa alama popote ulipo, ikiwemo mitihani yetu. Bila mkaguzi anayejua eneo, kanuni hii huoza haraka.

Chama kilikwenda hatua nyingine kwa kuunganisha kazi hizo na karo. Kijana aliyefundisha wadogo, aliyechezesha mechi kama refa, aliyesimamia usafi, alijikusanyia alama zake mwenyewe katika tuzo za uongozi, na waliofuzu walilipiwa karo, fedha zikienda moja kwa moja shuleni. Nchini ambako mtoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hilo lilisema kwa uwazi kwamba anayehudumia mtaa, mtaa nao utamhudumia.

Sifa zilikuja mapema. Mwaka 1990 watoto wa Mathare walisafiri hadi Oslo kucheza Norway Cup, mojawapo ya mashindano makubwa ya vijana duniani. Mwaka 1992, kwenye mkutano wa kilele wa mazingira wa Rio de Janeiro, chama kilipokea tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Makao makuu ya shirika hilo yako Gigiri, Nairobi hiyohiyo, mwendo mfupi wa gari kutoka bondeni. Mwaka 2003 na 2004 chama kilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mfumo wenyewe ulipelekwa hadi Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Turkana, kuanzia mwaka 1999, na ligi ikakua hadi kuwa na vijana zaidi ya 20,000.

Taka zinakwenda wapi

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Mtoto anapotoa taka mtaroni anaziweka kando. Zikikaa kando, mvua moja huzirudisha. Chama kililiona hilo, na kilikuja kuwa na malori yake ya kuzolea taka, jambo ambalo vilabu vingi vinavyoiga wazo hili husahau: wanaiga reki, hawaigi lori. Kisha wanapiga picha na mifuko iliyojaa, wanaondoka, na mifuko hiyo hupasuliwa na mbwa usiku.

Lori nalo lina mwisho wake. Taka za Nairobi huenda Dandora, jaa lililoanza kutumika mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Liliendelea kupokea taka, takriban tani 2,000 kwa siku kwa hesabu ya UNEP. Mwaka 2007 shirika hilo lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa: karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Dandora ni mtaa wa vijana walewale. MYSA ina timu huko. Kwa maneno mengine, taka anazozoa mtoto wa Mathare kwa alama 6 hupandishwa lori na kumwagwa karibu na nyumba ya mtoto mwingine wa ligi hiyohiyo.

Silisemi hili kuubeza mtaro. Mtaro usioziba Mathare huokoa watoto na kuhara, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuuzibua. Nalisema kwa kuwa somo linaloishia kwenye lori ni nusu ya somo. Mtoto anafunzwa kwamba taka zikiondoka machoni zimekwisha, na hiyo ndiyo imani ileile inayomfanya mtu atupe chupa dirishani.

Kuna swali gumu zaidi la nani alipaswa kufanya kazi hii. Watoto wa Muthaiga, mtaa wa matajiri ulio kilima cha pili tu kutoka hapo, hawakuwahi kuombwa kuzibua mitaro ili wapate kucheza. Kuzoa taka ni wajibu wa jiji, na siku hizi ni wa serikali ya kaunti, na wakazi wa Mathare nao hulipa kodi katika kila kilo ya sukari wanayonunua. Nawaheshimu sana walioanzisha kanuni ile, na bado nasema kwamba kazi ya watoto inaweza kuwafunika waliopaswa kuwajibika. Mtaro ukiwa safi kwa mikono ya watoto, hakuna anayemuuliza diwani bajeti ya mitaro ilikwenda wapi.

Aprili 2024 mto Mathare ulifurika. Watu walikufa. Nyumba zilisombwa usiku. Baadaye serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakabomoa makao ya waliobaki. Hakuna idadi ya reki ambayo ingezuia mvua ile. Lakini ninapojiuliza kijana aliyekulia kwenye ligi hii alipaswa kujua nini siku hiyo, jibu linazidi mtaro: alipaswa kujua mto unaanzia wapi, nani alijenga juu yake upande wa juu, kingo zake ni za nani kisheria, na barua ya malalamiko hupelekwa ofisi gani. Usafi ulimpa mikono na macho. Bado anahitaji ramani.

Tulishaona pia sheria inavyoweza. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Majuala yaliyokuwa yakiziba mitaro yalipungua kwa namna ambayo reki za Jumamosi zisingeweza. Vijana waliozoa majuala kwa miaka 30 walikuwa na haki ya kuelezwa kwamba walikuwa wakipigana vita ambavyo silaha yake kuu ilikuwa serikalini. Wangelijua mapema, wangeweza kuidai.

Ukitaka kuanzisha ya kwako

Walimu na makocha wameniuliza kama wazo hili linafaa shuleni. Linafaa, na halihitaji wafadhili. Linahitaji ligi ndogo ambayo watoto wanaipenda kweli. Ligi ikiwa haina uhai, alama zake hazina nguvu, na usafi utakufa nayo. Kwanza jenga ligi.

Usilifananishe na usafi wa amri. Rwanda ina umuganda, siku ya lazima ya kazi za jamii, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Tanzania nayo ilitenga Jumamosi hiyo kwa usafi baada ya Rais Magufuli kufuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 na kuingia mtaani mwenyewe kuzoa taka. Hayo yana kazi yake kwa watu wazima na kwa nchi. Mtoto anahitaji kitu anachokikimbilia, na siku ya amri huikimbia.

Vifaa vya kinga ni lazima, na hapa sina mjadala. Mtaroni mna vipande vya chupa, sindano, kinyesi. Kocha anayewapeleka watoto mikono mitupu hana ruhusa ya kusema anafundisha mazingira. Kama glavu na gambuti hazipo, panda miti, fagia uwanja, hesabu aina za taka na kuziandika, acha mtaro kwanza. Kazi ya kuhesabu na kuandika inafundisha kuliko inavyodhaniwa: timu ikijua kwamba kati ya vitu 200 ilivyookota 60 ni chupa za kampuni moja, imepata mtu wa kuandikiwa barua.

Mara moja kwa msimu, ifuateni taka hadi inakoishia. Kama ni jaa, simameni kwa mbali, mzungumze na wanaoishi hapo. Timu itakayoandika ilichokiona na kukipeleka kwa mwakilishi wa wadi ipewe alama kama waliozibua mtaro. Nimelijaribu hili na darasa moja, bila mpira, na waliandika barua ndefu kuliko insha yoyote niliyowahi kuwapa.

Na jambo la mwisho ni kuhusu zile alama 6 zenyewe. Ningezigawa. Alama 3 zitolewe siku ya kazi, timu ikiwa bado na matope miguuni. Alama 3 zilizobaki zisubiri wiki nne, mkaguzi arudi siku asiyotarajiwa, amwage ndoo moja ya maji upande wa juu wa mtaro na asimame upande wa chini, aone kama yanafika.